Mabaraza ya Machifu wa Rungwe na Fedha Zilizotoka Kwingine

Kata ya Msasani, iliyoko Tukuyu, ina diwani aliyechaguliwa kwa kura, naye huingia katika Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe. Hata hivyo, swali la wenyeji wajitawale kwa kiasi gani, na kwa fedha za nani, liliulizwa wilayani humo miaka mingi kabla ya kura hizo.

Wanyakyusa wa kale, wenyeji wa Rungwe, hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na watawala wadogo wengi, kila mmoja akiitwa malafyale, waliosaidiwa na amafumu, yaani wakuu wa vijiji, na vijiji vyenyewe vilikaliwa na watu wa rika moja, si wa ukoo mmoja. Kizazi kipya kilipokomaa ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo malafyale mzee aliwakabidhi wanawe madaraka, na kwa kawaida nchi yake iligawanywa kati ya wawili wao. Mtawala aliyechukiza watu alijua kwamba wangeweza kumhama, na hofu hiyo ilimzuia kuliko sheria yoyote iliyoandikwa.

Gavana wa kikoloni Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, alitaka wenyeji watawaliwe kupitia wakuu wao wa jadi, na sheria ya mwaka 1926 iliwapa wakuu hao mamlaka rasmi, na mfumo huo ulikuwa na baraza, yaani mahakama ya kesi za kimila, na hazina iliyopata sehemu ya kodi. Nia hiyo ilikuwa na heshima fulani kwa mila, lakini ilihitaji wakuu wachache wenye mipaka isiyobadilika, jambo lililokuwa kinyume kabisa na desturi ya Rungwe. Malafyale waliokuwa sawa wakapangwa juu na chini. Mgawanyo wa kila kizazi ukakosa nafasi, kwa kuwa kila mtawala mpya angedai mshahara na baraza lake. Tena aliyelipwa na serikali alimtazama kwanza Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kabla ya kuwatazama watu wake. Wakati huohuo vijana walikwenda kuchimba dhahabu Lupa na kurudi na fedha zao wenyewe, huku mibuni, ambayo hudumu shambani miaka mingi, ikimfanya mkulima ang'ang'anie ardhi ambayo zamani mkuu wa kijiji aliigawa upya.

Baada ya uhuru, uchifu huo ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa, na kwa miaka kumi na zaidi wananchi walipangiwa mambo na maofisa wa serikali kuu, hadi sheria za mwaka 1982 ziliporudisha halmashauri hizo, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Katiba, katika ibara za 145 na 146, inazitambua kama vyombo vya kuwapa wananchi madaraka.

Madaraka hayo bado yana upungufu mkubwa. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa chanzo cha mapato ya halmashauri, ilifutwa mwaka 2003, na sehemu kubwa ya bajeti hutegemea ruzuku ya Hazina. Mkurugenzi mtendaji, anayesimamia matumizi ya bajeti hiyo, huteuliwa na Rais, si na madiwani. Hata Halmashauri ya Busokelo ilipotengwa na Rungwe, mgawanyo uliamuliwa na serikali kuu. Diwani anayewaahidi wapiga kura wa Msasani barabara au zahanati huahidi kitu ambacho fedha zake huidhinishwa Dodoma.