Jicho Lisilolala Bwawani

Saa nne usiku, magari yakiwa bado yamebanana Waiyaki Way, huenda ndovu dume anakunywa maji chini ya milima ya Chyulu, na mkazi wa ghorofa moja la Westlands anamtazama akinywa. Kamera inayomwonyesha imeelekezwa kwenye bwawa la wanyama la kambi ya ol Donyo, katika ardhi ya Wamaasai wa Mbirikani, kati ya Amboseli na Tsavo. Picha zake hurushwa mubashara kupitia mtandao wa Africam. Kule Laikipia, kituo cha utafiti cha Mpala, chenye ubia na Chuo Kikuu cha Princeton, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Makavazi ya Kitaifa, kilianza mwaka 2014 kuonyesha mto Ewaso Ng'iro pamoja na viboko wake. Mtazamaji halipi kiingilio wala hakodi gari.

Naamini hili ni darasa bora la elimu ya viumbe ambalo mtu wa Nairobi anaweza kulipata bila kutoka nyumbani, na inaniuma kwamba tumewaachia watazamaji wa Ulaya na Marekani wajae humo peke yao.

Mtindo wenyewe wa kukesha ukilitazama bwawa tunaujua tangu zamani. Mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker alijenga Treetops juu ya mti wa mugumo karibu na Nyeri, na wageni wakawa wanakaa kimya usiku mzima wakisubiri vifaru na ndovu waje kulamba chumvi. Kilichobadilika ni jicho. Africam ilipoanza Afrika Kusini mwaka 1998, mtazamaji alipata picha mgando iliyobadilika kila baada ya muda. Kwetu, intaneti ilitegemea setilaiti ghali hadi mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipotua Mombasa kutoka chini ya bahari. Leo faiba imeingia hadi sebuleni katika mitaa mingi ya Westlands na Parklands.

Usiku ndipo kamera inapompita mtalii. Jicho la binadamu huona mawimbi ya mwanga ya kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Kipande cha silikoni kilichomo ndani ya kamera huhisi hadi karibu nanomita 1,000. Mchana kichujio huzuia mwanga huo wa ziada usiharibu rangi. Giza likiingia, kichujio huondolewa na taa za mwanga huo huo, yaani infraredi, huwashwa. Ndovu anakunywa akidhani yuko gizani, nasi tunamwona kama mchana, ila bila rangi, kwa sababu infraredi haibebi nyekundu, kijani wala buluu tunayoifahamu. Mwanga mkali wa gari ungemfukuza au ungebadili anachofanya. Huu wa infraredi hauoni, na kwa mtafiti hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Jambo la pili ni muda. Gari la watalii huitana kwa redio na kukimbilia simba aliyeonekana. Kamera haikimbilii popote. Hukaa mahali pamoja, na saa nyingi hakuna kinachopita isipokuwa upepo na kanga. Wengi huchoka hapo na kuzima, ilhali saa hizo tupu ni sehemu ya jibu. Ukitaka kujua fisi huja saa ngapi, ni lazima ujue pia saa ambazo hakuja.

Subira ya namna hiyo imewahi kuzaa matunda makubwa. Huko Etosha, Namibia, mtafiti Caitlin O'Connell alikaa misimu mingi kwenye kisima cha Mushara akiwatazama ndovu madume, ambao kwa muda mrefu walidhaniwa kuwa wapweke wasio na utaratibu. Yeye na wenzake walionyesha kwamba wana ngazi ya ukubwa, na katika miaka ya ukame, maji yakiwa haba, ngazi hiyo hushikwa kwa ukali zaidi: mdogo humpisha mkubwa, na ugomvi hupungua. Madume wakubwa wenye pembe ndefu huja Chyulu pia. Tazama nani anasogea pembeni nani akifika, utaanza kuisoma ngazi hiyo mwenyewe.

Serengeti kazi ilifanyika kwa kamera za aina nyingine, zisizorusha mubashara bali zinazojifyatua mnyama mwenye joto anapopita mbele yake. Kuanzia mwaka 2010, Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alifunga kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Picha zikawa nyingi kuliko uwezo wa maabara yoyote, basi zikawekwa kwenye jukwaa la Zooniverse mwishoni mwa 2012. Watu wa kawaida zaidi ya 28,000 walizipitia na kutaja mnyama waliyemwona. Kila picha ilipitiwa na watu kadhaa, na jibu lao la pamoja lilipolinganishwa na la wataalamu, lilikubaliana nalo kwa takriban asilimia 97. Baadaye, mwaka 2018, picha hizo hizo milioni 3.2 zilitumiwa kuifundisha kompyuta iwatambue wanyama yenyewe.

Na yaliyofumbuliwa? Duma hawahami eneo zima kwa kumwogopa simba. Hutumia ardhi ile ile, ila hukwepa mahali simba alipopita saa chache zilizotangulia. Kisha kuna ndege walao kupe, wale wenye mdomo wa manjano, ambao kila mtu amewaona mchana migongoni mwa twiga na nyati. Wanalala wapi? Kamera ziliwakuta usiku wamejibanza kwapani mwa twiga. Hilo lilichapishwa mwaka 2018, na hakuna gari la watalii ambalo lingeligundua.

Nairobi nayo ina sura yake katika habari hii. Tarehe 1 na 2 Machi 2015, wakazi walizunguka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117, wakiwa na kamera zenye GPS, wakipiga picha za punda milia na twiga. Milia ya kila punda ni ya pekee, na upande wa kushoto haufanani na wa kulia, kwa hiyo programu ya kompyuta ilimtambua kila mnyama kwa ubavu wake. Hesabu yake ni nyepesi kuielewa. Tuseme siku ya kwanza umewatambua punda 100, na siku ya pili umewaona 100, kati yao 10 ni wale wa jana. Basi wa jana ni sehemu ya kumi ya wote, na wote ni kama 1,000. Kwa njia hiyo mbuga ilikadiriwa kuwa na punda milia 2,307, huku ukingo wa makosa ukiwa 366 juu au chini, na twiga 119, ukingo ukiwa 48. Makadirio hayo yalitokana na picha za wakazi wa kawaida.

Kamera ya bwawa ina upungufu wake. Mara nyingi maji yenyewe yamewekwa na binadamu, na wanyama hukusanyika pale kuliko kwingine, kwa hiyo asiseme mtu kwamba Chyulu yote ina ndovu kama anaowaona kwenye skrini. Vifaru nao wana hatari yao, maana jangili pia ana intaneti. Pahali wanapoishi hapafai kutangazwa. Kamera zinazowafaa ni zile za joto, kama walizopewa askari wa wanyamapori wa Mara na Nakuru kuanzia 2016 kwa mradi wa WWF, ambazo humtambua mtu gizani kwa joto la mwili wake. Mwaka 2020 Kenya ilimaliza mwaka bila kifaru hata mmoja kuuawa na majangili, mara ya kwanza tangu 1999. Kamera hazikufanya hivyo peke yake, lakini zilikuwamo.

Kwa anayetumia bando la simu, saa moja ya video ni gharama. Kwa mwenye faiba, kizuizi kilichobaki ni lugha: maelezo na maoni karibu yote ni ya Kiingereza, na mtoto wa Kangemi anayewajua wanyama hawa kwa Kiswahili hapati sauti inayomwelekea. Wanaoendesha kamera zilizo Kenya wanadaiwa hilo, na walimu wa Nairobi wanaweza kuanza bila kuwasubiri.

Nawe anza Julai hadi Oktoba, mvua ikiwa imekatika na maji kwingine yamekauka. Chagua bwawa moja tu. Fungua kuanzia saa kumi na mbili jioni, uwe na daftari: tarehe, saa, mnyama, idadi, dume au jike, nani alimpisha nani. Andika hata saa ambazo hakuna aliyekuja. Jumamosi asubuhi nenda Karura, msitu ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999, ukawatafute mbega, ambao walianza kurejeshwa humo mwaka 2014, kwa daftari lile lile.