Mashine Ikisoma Anwani, Mchambua Barua Atakula Wapi?

Katika Naguru, kilima kilicho mashariki ya jiji la Kampala, ambako ndiko yaliko Makao Makuu ya Polisi ya Uganda na kambi ya askari pamoja na jamaa zao, mwisho wa mwezi zamani ulikuwa na maana ya hawala ya posta. Askari aliyepelekwa Karamoja au Arua alifika dirishani, akajaza fomu na kulipa ada. Mkewe akaipokea karatasi ile kupitia sanduku la posta la ofisi ya mumewe, kwani Uganda haina desturi ya tarishi kupeleka barua mlango kwa mlango. Tangu Machi 2009, kampuni ya MTN ilipoanzisha huduma ya fedha kwa simu za mkononi, hela hufika kabla chungu hakijachemka. Mama wa nyumba hana la kulalamikia. Karani wa hawala ndiye mwenye la kusema.

Kampala ina haki ya kulizungumza jambo hili. Kuanzia mkataba wa 1967 hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, hapo ndipo yalipokuwa makao makuu ya Shirika la Posta na Simu la nchi zote tatu. Halafu likaja shirika la Uganda peke yake, nalo likagawanywa mwaka 1998 kuwa Posta, kampuni ya simu na Benki ya Posta. Wafanyakazi wa posta na simu wanacho chama chao, UCEU. Ila chama kilichozoea kumkabili mwajiri mmoja sasa kinabisha hodi milango mingi, na anayebisha milango mingi huchelewa kufunguliwa.

Wenzao wa Kanada walikutana na mashine mapema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya huko ilileta namba za posta na mitambo ya kuchambua barua, kisha ikawaweka mbele ya mitambo hiyo makarani wa cheo kipya, wenye mshahara mdogo kuliko wa wale waliochambua kwa mikono. Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wote. Mashine haikumfukuza mtu siku ile; ilitumiwa kuishusha thamani ya kazi yake. Chama cha CUPW kikawasihi wananchi wasiandike namba hizo juu ya bahasha, na mwaka 1974 wafanyakazi wakagoma hadi suala la mshahara wa makarani wale likapatiwa suluhu. Vita havikuwa rahisi: kiongozi wao, Jean-Claude Parrot, alifungwa jela kwa sababu ya mgomo wa 1978. Hata hivyo, mgomo wa siku 42 mwaka 1981 uliwapatia akina mama likizo ya uzazi ya majuma 17 yenye malipo, faida ambayo kila nyumba inaielewa bila kufafanuliwa.

Marekani, chama cha APWU kilipigania neno moja katika mkataba wa 1978: mtumishi aliyetimiza miaka sita kazini asiachishwe kwa kukosa kazi. Mashine zilipokuja kushindwa kusoma miandiko mibaya, picha za bahasha hizo zilipelekwa kwa watu waliokaa mbele ya kompyuta, na mwaka 1993 mwamuzi aliamua kwamba kazi hiyo ni ya watumishi wa posta wenyewe, wala si ya makandarasi. Vikafunguliwa vituo 55. Lakini kompyuta nazo zilijifunza kusoma; kufikia mwisho wa 2013 kilikuwa kimebaki kituo kimoja tu, Salt Lake City.

Uganda inayo Sheria ya Ajira ya 2006. Mwajiri anayekusudia kuwaachisha watu kumi au zaidi katika muda wa miezi mitatu, kwa sababu za uchumi au za teknolojia, hana budi kuwaarifu wawakilishi wa chama angalau majuma manne kabla, na kumwandikia Kamishna wa Kazi. Majuma manne ni machache mno. Yanatosha kuuliza ni nani atakayefundishwa mtambo mpya na ni nani aliyekaribia kustaafu. Hayatoshi kumfundisha mtu mwenye umri wa miaka 50 kazi nyingine. Kwa hiyo chama chenye busara huingiza habari ya mitambo katika mkataba wa pamoja wakati mitambo yenyewe ingali melini.

Askari wa jeshi na wa polisi hawaruhusiwi kisheria kuwa na chama cha wafanyakazi, na mkataba wa kimataifa namba 87 unaiachia kila nchi kuamua jambo hilo. Lakini mke wa askari aliyeajiriwa katika ofisi ya posta au ya simu hazuiwi na cheo cha mumewe. Yeye aweza kujiunga, kulipa ada yake ya mwezi, na kudai kusomewa mkataba.