Tiketi ya ndege ya bei ya chini: pesa inapotelea ku mizigo

Tuseme mama muchuuzi wa Butembo anafungua simu, anaona tiketi ya Entebbe–Nairobi kwa dola 70. Anafurahi, analipa mara moja. Siku ya kurudi iko na mabegi matatu ya nguo. Ku kaunta wanapima, wanamwambia tiketi yake ilikuwa ya mutu peke yake na kamuzigo ka mukononi. Analipa dola zingine 90 juu ya mabegi. Jirani yake aliyekata tiketi ya dola 130 ku kampuni ya kawaida, mizigo ikiwa ndani, anapita bila kufungua pochi. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini ndivyo kampuni za bei ya chini zinavyofanya kazi, na hakuna udanganyifu ndani. Mara nyingi yote iliandikwa mbele ya kulipa, katika maandishi madogo.

Namna hii ya kuuza safari ilijulikana Marekani, ku kampuni Southwest iliyoanza kuruka Texas mwaka 1971. Ryanair ya Ireland ikaifuata huko Ulaya. Hapa karibu yetu, fastjet ilianza Tanzania mwezi wa Novemba 2012, na Jambojet, mutoto wa Kenya Airways, ikaanza Kenya mwaka 2014. Wakaaji wa Goma waliiona Jambojet kwao mwezi wa Septemba 2021.

Bei inashuka namna gani? Kampuni inatumia ndege za aina moja, kama vile Jambojet na Dash 8-400 zake za viti 78. Mafundi wanajifunza mashini moja, vipuri ni vya aina moja, na rubani anaweza kuingia katika ndege yoyote ya kampuni. Tena ndege haikai chini sana: inashusha watu, inapandisha wengine, inaruka, juu ndege yenye kusimama haiingize pesa. Kiti kinauzwa bei ya chini, kisha vyote vingine vinauzwa kimoja kimoja: begi, chakula, kuchagua kiti, kubadilisha tarehe.

Kwa watu wa huku kwetu, begi njo jambo kubwa. Mutu wa mashariki hasafiri mikono mitupu. Akienda anabeba unga ao samaki ya ndugu, akirudi anabeba bidhaa. Kampuni nyingi za namna hii zinaruhusu muzigo wa mukononi tu, mara nyingi kilo 7. Mwenye kujua kama atarudi na mizigo ailipie siku ileile anakata tiketi, juu bei ya ku intaneti kwa kawaida iko chini ya ile ya kaunta, na inaweza kuwa chini sana. Apime begi nyumbani, hata ku kilo ya muuza maharagi. Na kama mizigo ya kurudi inapita kilo 40, mara nyingi ni afazali kuituma kwa gari na yeye kurudi mwepesi.

Kuna pesa ambayo hakuna kampuni inaweza kuondoa: kodi. fastjet ilipoanza ilitangaza kiti kwa shilingi 32.000 za Tanzania, karibu dola 20, lakini kodi haikuwa ndani. Kwetu Kongo, Go-Pass ya RVA ilianza na dola 50 kwa mwenye kuenda inje na dola 10 kwa mwenye kubaki ndani ya inchi. Kwa hiyo usilinganishe bei ya kwanza unayoona. Endesha mpaka ku ukurasa wa mwisho, pale wanaomba kulipa, njo ulinganishe.

Hatari ingine ni tiketi mbili za kampuni mbili. Ukifika Nairobi na kampuni moja, ukaunganisha Dubai na ingine uliyolipia mbali, na ndege ya kwanza ikachelewa, ile ya pili haikungoji. Mara nyingi pesa yake imekwenda. Acha masaa mengi katikati, hata usiku muzima, ao kata tiketi moja ya safari yote ijapo inapita kidogo bei.

Wenye kutembelea watoto Ubelgiji nao wachunge majina ya viwanja. Uwanja unaoitwa Brussels South uko Charleroi, karibu kilomita 50 na Bruseli, na basi ya kutoka pale inalipwa. Ku Ryanair, kwa miaka mingi, mutu asiyejiandikisha ku intaneti mbele ya kufika uwanja alilipishwa euro 55.

Jina nalo liandikwe sawasawa na pasipoti. Kama ajansi ndiyo inakukatia, soma herufi kwa herufi mbele ya kumupa franka, juu kurekebisha jina kunaweza kulipwa.

Tangu ndege za abiria zisimame Goma, Januari 2025, wengi wanapita Kigali ao Entebbe. Mwenye kutoka Beni kupitia Kasindi ahesabu gari, chakula na kitanda cha usiku, juu kutoka Mpondwe mpaka Entebbe ni mwendo wa siku nzima, na ndege ya bei ya chini mara nyingi ni ile ya asubui sana.