Karthala, Mlima wa Moto wa Ngazija

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya baadaye, maongezi yetu ya leo yametokana na swali la mwanafunzi. Tulikuwa Masasi pamoja na vijana wa kutoka Lupaso, tumepumzika kivulini chini ya mlima wa Mtandi. Kijana mmoja aliutazama ule mwamba uliosimama peke yake kama mnara, akauliza, "Mwalimu, je, mlima huu ulitema moto hapo zamani?"

Swali lilikuwa jema, na jibu lake ni hapana. Mawe ya Mtandi, na ya Mkomaindo, na ya milima mingine ya Masasi, yalifanyika chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mvua na upepo viliila nchi iliyoyafunika, nayo kwa ugumu wake yakabaki yamesimama. Wala uwanda wa juu wa Wamakonde haukutoka katika moto. Huo ni mchanga na mawe ya mchanga. Lakini mtu wa kwetu akitaka kujua habari za mlima wa moto, hana haja ya kuuliza nchi za mbali. Na aelekee maawio ya jua, apite Newala, ashuke hata Mtwara, kisha avuke bahari akielekea mashariki na kusini kidogo. Baada ya kilomita zaidi ya 300 atakiona kisiwa cha Ngazija, kilicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Komoro, na juu ya kisiwa hicho mlima Karthala.

Watu wa kisiwa hicho si wageni kwetu. Wangazija wamejulikana Unguja na pwani yote tangu zamani, na lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Mlima wao una kimo cha mita 2,361, yaani futi 7,746. Umbo lake ni pana, lenye miteremko ya taratibu, kama ngao iliyolazwa chini. Kileleni pana bonde kubwa la mviringo, upana wake kilomita 3 na urefu wake kilomita 4, na ndani ya bonde hilo zimo kasoko, ndiyo vinywa vya mlima. Kasoko iliyo mashuhuri kuliko nyingine huitwa Chahalé. Tangu karne ya kumi na tisa mlima huo umelipuka zaidi ya mara 20, nao huhesabiwa miongoni mwa milima ya moto iliyo hai duniani.

Mtu akisikia habari hii hufikiri mara moja juu ya moto. Lakini tukizisoma habari za Karthala mwaka baada ya mwaka, twaona jambo ambalo yafaa kila mtu alikumbuke: moto umeharibu nyumba na mashamba, lakini hatari zilizowashika watu ghafula zilikuwa katika hewa waliyoivuta na katika maji waliyoyanywa.

Kwanza tueleze jinsi mlima unavyofanya kazi yake. Chini sana ardhini mna joto kubwa hata mawe huyeyuka yakawa ujiuji. Ujiuji huo huchukua gesi nyingi ndani yake. Ukipata ufa hupanda, na gesi hutafuta njia ya kutoka. Mama zetu wanajua jambo hili jikoni. Uji mwepesi ukichemka, mapovu hutoka bila shida. Ugali mzito ukichemka, hutupa matone yanayomchoma mpishi mkononi. Ujiuji wa Karthala mara nyingi ni mwepesi, kwa hiyo hutiririka. Ndiyo sababu mlima umekuwa mpana. Kila mtiririko ulipopoa uliongeza tabaka moja juu ya lile la kwanza.

Mitiririko hiyo imekwenda mbali. Katika mwaka wa 1860 ujiuji ulitoka kileleni ukateremka kama kilomita 13 kuelekea kaskazini-magharibi, hata ukaingia baharini kaskazini ya mji wa Moroni. Tena si lazima moto utoke kileleni. Mwezi wa Aprili 1977 ardhi ilipasuka chini kabisa kwenye ubavu wa kusini-magharibi, karibu na makazi ya watu. Ujiuji ukakiangamiza kijiji cha Singani. Maelfu ya watu walihama, wakiacha nyumba na mashamba. Hata hivyo wao wenyewe waliokoka, kwa sababu ujiuji wa namna ile hutambaa, na mwenye miguu huwahi kuondoka mbele yake.

Lakini mtu asije akajitumainia mno. Katika mwaka uo huo wa 1977, mwezi wa Januari, mlima Nyiragongo wa mashariki ya Kongo ulipasuka ubavuni, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika. Ujiuji wake ulikuwa mwepesi sana na mteremko ulikuwa mkali, basi ulishuka upesi kuliko mtu akimbiavyo, ukaua watu wengi. Milima ya moto haina tabia moja, na mkaaji wa kila mlima hana budi kuijua tabia ya mlima wake.

Sasa tuje kwenye hewa. Mwaka wa 1903 watu 17 walikufa Ngazija, na aliyewaua hakuwa ujiuji wa moto. Walikufa kwa gesi yenye sumu iliyotoka mlimani. Miongoni mwa gesi zitokazo katika milima ya moto imo kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa tunayoivuta. Kama maji yanavyotafuta bonde, ndivyo inavyoshuka ikajaa mashimoni na mabondeni mahali pasipo na upepo. Mtu mzima aliyesimama aweza kuona hana neno, huku mtoto au mbuzi aliye karibu naye amezama ndani yake. Kandokando ya Nyiragongo wenyeji huziita sehemu kama hizo mazuku, na wataalamu wa nchi nyingi wamelichukua neno hilo la kwetu wakalitumia katika vitabu vyao.

Hatari ya tatu ni mvuke. Mvua nyingi huinyeshea Karthala, na maji yake hunywea chini hata yakafika palipo na mawe yenye joto. Hapo hugeuka kuwa mvuke, na mvuke hutaka nafasi kubwa kuliko maji. Mfikirie mtu aliyefunika chungu chenye maji, akakigandisha kifuniko kwa udongo, kisha akachochea kuni. Chungu kitapasuka, na vipande vyake vitaruka. Ndivyo mlima ulivyofanya mwaka wa 1918, mlipuko mkubwa ulipoitikisa kasoko ya Chahalé, na tena mwezi wa Julai 1991. Milipuko ya namna hii huweza kurusha mawe na jivu bila kutoa ujiuji mpya hata kidogo.

Na jivu hilo ndilo linalotuleta kwenye maji. Ngazija hupata mvua nyingi, lakini hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Mawe yake yana matundu na nyufa. Mvua ikinyesha huzama mara. Basi kwa vizazi vingi watu wengi wa kisiwa hicho wamekinga maji ya mvua na kuyaweka katika mabirika. Watu wa Newala wataielewa habari hii upesi kuliko wengine. Juu ya uwanda wetu mchanga nao huyameza maji ya mvua, na bibi zetu walishuka genge kwenda bondeni kuteka, wakapanda tena na mitungi vichwani. Aliyekulia katika nchi kama hiyo ajua ya kuwa birika la maji ni uhai wa nyumba.

Mwezi wa Aprili 2005, baada ya kimya cha miaka 14, Karthala ulilipuka, na jivu likaanguka juu ya vijiji. Wengi walikimbia makwao. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo, usiku wa tarehe 24, ukalipuka tena, na safari hii jivu likafika mpaka Moroni. Jivu la mlima si kama jivu la mafiga. Ni mawe yaliyosagwa yakawa vumbi, makali kama vipande vya chupa. Huchoma macho, hukereta kifua, na likilowa huwa zito juu ya paa. Liliingia katika mabirika yaliyokuwa wazi, likayachafua maji ya watu zaidi ya laki moja. Moto haukuwafikia, nyumba zao zilisimama, lakini hawakuwa na maji ya kunywa. Ikawa hapana budi kuwapelekea maji na kuyasafisha mabirika.

Pengine msomaji atauliza, Je, mlima una majira yake, tukayahesabu kama tunavyohesabu masika? Wako wasemao ya kwamba Karthala hulipuka kila miaka 11, na kwa hesabu ya wastani hawakukosea sana. Lakini wastani si ahadi. Baada ya 1991 ulinyamaza miaka 14. Kisha ukalipuka mara mbili mwaka wa 2005, mara moja mwezi wa Mei 2006, na tena mwezi wa Januari 2007. Milipuko minne ndani ya miaka isiyotimia miwili! Halafu ukanyamaza tena miaka mingi. Hata visiwa jirani vinatufundisha vivyo hivyo. Maore ni kisiwa cha kale kuliko Ngazija, na watu walidhani moto wake umekwisha. Mwezi wa Mei 2018 ardhi ilianza kuwatikisa, na mwaka wa 2019 wataalamu wakagundua mlima mpya wa moto chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa, uliokuwa umeinuka mita 800 na zaidi kutoka sakafu ya bahari.

Basi kwa nini watu hawahami? Kwa sababu mlima huo huo ndio uliowapa nchi. Mawe yake yakichakaa huwa udongo wenye rutuba, nao hupanda migomba, vanila, karafuu na milangilangi ambayo maua yake hutoa mafuta ya manukato. Hakuna mtu aliye tayari kuyaacha makaburi ya wazee wake na shamba linalomlisha kwa sababu ya siku moja asiyoijua. Kwa hiyo dawa yao ni kujua. Tangu mwaka wa 1988 kumekuwako kituo cha kuuangalia mlima, chenye vyombo vinavyosikia mitetemo midogo ambayo mguu wa mtu hauisikii. Kabla ya ujiuji kupanda, mawe hupasuka chini, na mitetemo hiyo huongezeka; hapo ndipo watu huweza kuonywa.

Lakini onyo humfaa aliye tayari. Mkaaji wa mlima wa moto afunike birika lake kabla jivu halijaanguka, na autenge mfereji unaoleta maji kutoka paani. Mvua ya kwanza baada ya jivu na ioshe paa, isiingie birikani. Asishuke mashimoni wala asilale bondeni wakati mlima unapopumua, wala asiwaache watoto wacheze huko. Afunge kitambaa puani na mdomoni jivu linaporuka. Na akiambiwa aondoke, aondoke mchana, asingoje auone mwanga mwekundu usiku.

Yule kijana wa Lupaso alipokwisha kusikia haya, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, Mwalimu, ningekuwa Ngazija ningeanza na birika." Tukamjibu ya kwamba amelishika somo. Moto wa mlima kila mtu huutazama. Mwenye busara huyatazama pia maji yake na hewa yake, tena huyatazama siku mlima ulipotulia.