Kungoja Maji ya Moto

Nilipokuwa kidato cha pili nilimwuliza mwalimu wetu wa hesabu, hizi hesabu za ujazo wa silinda zitatufaa nini duniani? Aliniambia niketi. Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikiwa ugenini Uingereza, nimesimama bafuni asubuhi ya baridi kali, mkono mmoja chini ya koki, nangoja maji ya moto. Leo nawaletea jibu hilo ninyi wadogo zangu mlio madarasani, pamoja na wenzangu mliokwisha kutoka, maana huenda likamfaa mtu.

Nilikuwa nimepanga chumba katika mji wa Leeds, kwa mama mmoja mjane. Jikoni kwake, karibu na mlango wa nyuma, palitundikwa ukutani boila ya gesi, sanduku la chuma lisilozidi kabati dogo la nguo. Bafu lilikuwa ghorofani, upande wa mbele wa nyumba. Ukifungua koki ya maji ya moto kule juu, maji yalitoka baridi kwa muda wa dakika moja na nusu, ndipo yakaanza kupata moto. Yote yaliyotangulia yalikwenda na mtaro.

Mama yule alichoka kungoja, na ankara ya maji ilimsumbua. Fundi mmoja alikuwa amemwambia kwamba boila ile ni ndogo, heri anunue iliyo kubwa zaidi. Fedha alikuwa nazo, lakini alikuwa ameziweka za kutengeneza paa la jiko, lililokuwa likivuja. Jioni moja akaniuliza, "Wewe unayesoma, waonaje?" Niliona haya, kwa maana sikuwa na la kusema. Nikamwomba anipe siku mbili.

Kwanza yatupasa kufahamu namna boila ya aina ile inavyofanya kazi. Haina tangi la kuweka maji ya moto. Hulala mpaka mtu afungue koki. Maji yakianza kupita ndani yake, huzungusha kigurudumu kidogo, na kigurudumu hicho ndicho kiletacho habari kwamba kuna mtu ahitaji maji. Hapo feni huzunguka kusafisha hewa mahali pa moto, cheche hutoka, gesi huwaka. Moto huo hupasha maji yanayozunguka ndani ya boila yenyewe, nayo huyapa joto maji ya koki kwa kupitia mabamba membamba ya chuma, pasipo kuchanganyika nayo. Kazi zote hizo huchukua sekunde kadhaa, na wakati huo maji baridi yanaendelea kupita.

Basi huko ndiko kungoja kwa kwanza: kungoja boila iamke. Lakini kuko kungoja kwa pili, ambako watu wengi hawakufikiri. Bomba linalotoka kwenye boila hata bafuni si tupu. Limejaa maji tangu mtu wa mwisho alipofunga koki, na maji hayo yamekwisha kupoa. Maji mapya ya moto hayawezi kuyaruka yale ya zamani. Hupanga mstari nyuma yake, kama sisi tulivyokuwa tukipanga mstari wa chakula. Mpaka tone la mwisho la maji baridi litoke, la moto halina njia.

Nilitaka kujua ni kungoja kupi kulikotusumbua. Nikachukua ndoo, chombo cha kupimia cha jikoni na saa ya mkononi. Koki ya bafuni ilitoa lita 4 kwa dakika. Nikalipima bomba kwa kamba, nikifuata njia yake ukutani na chini ya sakafu: mita 14. Lilikuwa la shaba nyekundu, la milimita 22 kwa nje, na upana wake wa ndani ni kama milimita 20. Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wangu. Zidisha nusu ya upana kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu, utapata ya kuwa kila mita ya bomba hilo huchukua karibu lita 0.32. Mita 14 huchukua lita 4 na nusu. Kwa koki itoayo lita 4 kwa dakika, maji hayo huhitaji sekunde 67 kutoka.

Kisha nikashuka jikoni, ambako bomba lilikuwa jembamba na lenye mita 2 tu. Huko maji ya moto yalifika kwa sekunde 20. Sekunde 4 au 5 zilikuwa za bomba. Zilizobaki, kama 15, zilikuwa za boila kuamka. Sasa jumlisha: 67 za bomba la bafuni na 15 za boila ni 82. Zile chache zinazopungua kufikia 90 ziliibwa na shaba yenyewe, kwa maana bomba baridi hula joto la maji ya kwanza kabla ya kuyaachilia yapite.

Basi boila haikuwa na kosa. Je, kubwa zaidi ingalisaidia? Boila ya kilowati 24 yaweza kuongeza joto la digrii 35 katika lita 10 hivi za maji kila dakika. Ya kilowati 30 yaweza kufanya hivyo kwa lita 12. Yaani boila kubwa hukupa maji ya moto mengi zaidi. Haikupi mapema zaidi. Haiwezi kufupisha bomba hata kwa shubiri moja. Mama yule angalitoa fedha zake zote, paa lingaliendelea kuvuja, naye angaliendelea kungoja vilevile.

Nilipomwonyesha hesabu hizo alizisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Na maji yanayopotea ni kiasi gani?" Dakika moja na nusu kwa lita 4 ni lita 6. Tukihesabu mara 8 kwa siku, ni lita 48. Kwa mwaka, lita zaidi ya 17,500. Nilimweleza kwamba kwetu tungeyahesabu kwa madebe ya lita 20, nayo yangekuwa zaidi ya 870, na kwamba nimewahi kuona mama zetu wakibeba debe moja kichwani kutoka mtoni. Tangu siku hiyo palikuwa na ndoo bafuni. Maji ya kwanza yaliingia ndani yake, akanyweshea maua yake na kusafishia sakafu. Haba na haba hujaza kibaba.

Dawa nyingine zilikuwapo, na kila moja ina bei yake. Boila nyingi zina kitufe cha kuzifanya zikae na joto kidogo wakati wote, ili zisichelewe kuamka. Lakini huokoa zile sekunde 15 tu, na gesi huungua hata watu wakiwa wamelala. Katika mahoteli na hospitali maji ya moto huzungushwa daima na pampu, yakirudi tangini kwa bomba la pili. Hiyo yafaa nyumba kubwa, lakini ni gharama kwa mtu mmoja. Kufungua koki kidogo kidogo, kama wengine wafanyavyo kwa kuogopa ankara, hakufai kitu: muda huwa mrefu na lita ni zilezile. Tena maji yakipita haba mno, kile kigurudumu hakizunguki, na boila haiwaki kabisa.

Iliyobaki ilikuwa bomba lenyewe. La milimita 15 huchukua lita 0.145 tu kwa mita, yaani lita 2 kwa mita 14. Fundi mwingine alilibadilisha kwa siku moja. Kungoja kukapungua hata sekunde 50 hivi. Hakukwisha, maana umbali haufutiki, lakini kulipungua karibu nusu, na fedha zilizosalia zikatosha paa.

Nawaonya jambo moja. Maji yakaayo bombani siku nyingi yakiwa vuguvugu yaweza kuzaa vijidudu viletavyo homa kali ya mapafu, ambayo ilijulikana kwa mara ya kwanza baada ya watu wengi kuugua katika mkutano huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Kwa hiyo wakuu wa usalama kazini wa Uingereza huagiza kwamba maji ya moto yawekwe tangini kwa digrii 60, nayo yafike kwenye koki na digrii 50 kabla ya dakika moja kupita. Kumbe bomba refu lisilotumiwa si hasara ya maji peke yake.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Siku hizi nchini mwetu na kwa majirani zetu mabweni na nyumba nyingi zina matangi juu ya paa yapashwayo na jua. Jua halidai malipo, lakini bomba litokalo paani hata bafuni hufuata sheria ileile. Mwenye kujenga na apange bafu karibu na tangi, kabla fundi hajachimba ukuta.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Ni kweli, lakini kabla ya kusubiri, na zaidi kabla ya kulipa, pima kwanza. Chukua ndoo na saa. Na ukikumbuka, mpelekee mwalimu wako wa hesabu salamu.

Mwanafunzi wa Zamani