Blanketi la Nyumbani Liwe Mfarishi wa Kambini

Katika Surat An-Nahl, Aya ya 80, Mwenyezi Mungu atukumbusha neema ya mahema yaliyo mepesi siku ya safari na siku ya kutua. Vijana wetu waendao kupiga kambi Lushoto, ambako usiku wa Juni na Julai una baridi, nao wahitaji matandiko mepesi. Mfuko wa kulalia ni ghali. Lakini haifai kijana abakie nyumbani kwa kuukosa, ilhali kabatini mna blanketi la manyoya laini ya bata.

Manyoya hayo hutia joto kwa kuizuia hewa ndani yake. Yakilaliwa hubanwa, na joto hutoweka. Kwa hiyo mfarishi wa kambini hauna upande wa chini. Kazi hiyo ni ya godoro jembamba.

Likunjeni blanketi kwa urefu. Upande wa miguuni unganisheni kingo mbili kwa vishikizo, kiasi cha sentimita 60, na mwishoni shoneeni vitanzi, mpitishe kamba ya kulifumba tundu. Juu yake tieni kanda za kufungia chini ya godoro, upepo usiingie. Sindano ipite katika upindo tu, manyoya yasivuje. Tena likingeni na maji, kwani manyoya yakilowa hugandamana.

Safari ikiisha, fungueni vishikizo, liwe blanketi tena. Israfu tumekatazwa, na kijana aliyelala vyema huamka mwepesi kwa Sala ya Alfajiri, Inshallah.