Bastola ndogo ya akiba ikigoma: hitilafu ziko wapi na nani anabeba gharama

Bastola ndogo ya silinda, ile yenye mtutu mfupi na matundu 5 ya risasi, inauzwa kwa sifa moja kubwa: kwamba haigomi. Ni silaha ya akiba. Askari wa Marekani aliifunga kifundoni au kuiweka mfukoni iwapo bastola yake kubwa ingeishiwa risasi au kunyang'anywa, na mwenye duka aliihifadhi nyuma ya kaunta. Smith & Wesson walitoa Chiefs Special mwaka 1950, Colt walikwishatangulia na Detective Special ya matundu 6 mwaka 1927, na hadi leo umbo hilo limebadilika kidogo sana.

Sifa hiyo ni ya kweli nusu. Rivolva hugoma mara chache, lakini ikigoma haifunguki kirahisi. Bastola ya magazini ikikwama, mara nyingi mwenye kuijua huvuta sleti, akatupa risasi mbovu na kuendelea. Silinda ikikaza, mara nyingi inataka meza, zana na muda, na hivyo vyote mtu aliyevamiwa hana. Ndiyo maana kujua chanzo cha hitilafu mapema kuna thamani kuliko bei ya silaha yenyewe.

Kabla ya ukaguzi wowote risasi zote hutolewa na kuwekwa chumba kingine, kisha matundu yote 5 yanatazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Mafundi wengi hukumbuka ajali iliyoanza na mtu aliyehesabu maganda 4 akaamini ni 5.

Uchafu unaongoza

Hitilafu ya kawaida kuliko zote haihitaji kipuri. Katikati ya silinda kuna kipande chenye umbo la nyota kinachosukuma maganda nje. Chembe za baruti isiyoungua zikiingia chini ya nyota hiyo, haikai sawasawa. Silinda inakuwa ngumu kufunga, au inafunga lakini haizunguki. Dawa yake ni mswaki mkavu chini ya nyota, na kuzoea kuelekeza mtutu juu wakati wa kutoa maganda ili takataka zianguke chini badala ya kurudi ndani. Mafuta mengi huzidisha tatizo, kwani yanakamata vumbi. Silaha ya mfukoni ina balaa la ziada: nyuzi za nguo na sarafu, na ya kifundoni hula jasho na matope. Kutu ya springi huanzia huko.

Inafuata silinda isiyofunguka kabisa. Mara nyingi kijiti cha kusukumia maganda kimelegea katika nyuzi zake, kimerefuka kidogo na kuzuia kitasa cha mbele. Smith & Wesson waligeuza nyuzi hizo kuwa za kushoto mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili mzunguko wa silinda uzikaze badala ya kuzilegeza. Anayekaza kijiti bila kujua ana toleo gani anaweza kukata nyuzi na kugeuza kazi ya dakika 5 kuwa ya karakana.

Wepesi una bei yake

Hapa ndipo soko lilipojitengenezea tatizo. Wanunuzi walitaka silaha nyepesi ya kubeba siku nzima, viwanda vikatoka kwenye chuma na kuingia aluminiamu, kisha taitaniamu na skandiamu. Chiefs Special ya chuma ilikuwa na zaidi ya nusu kilo. Airweight za aluminiamu ziko karibu gramu 425, na zipo zilizoshuka chini ya gramu 350. Mteko haukupungua na silaha. Rivolva nyepesi inaporuka nyuma, ganda linavutwa nayo lakini kichwa kizito cha risasi hubaki kilipo, hivyo risasi ambazo hazijapigwa hurefuka taratibu hadi moja inachungulia mbele ya silinda na kugonga fremu. Silinda husimama hapo hapo.

Kipimo chake ni rahisi na hufanyika kwenye uwanja wa shabaha tu: pakia 5, piga 4, kisha pima urefu wa ile ya tano ukilinganisha na mpya ya boksi lile lile. Ikiwa imerefuka, tatizo ni chapa ya risasi, si bastola. Risasi za kujazwa nyumbani ambazo mdomo wa ganda haukubanwa vizuri ndizo mbaya zaidi. Risasi hizo hizo huweza kuwa na fataki iliyokaa juu kuliko kitako cha ganda, ikakwaruza fremu na kukaza silinda vile vile.

Nyundo inaposikika lakini mlio hakuna, wengi hulaumu risasi. Mara nyingi mhusika ni springi iliyobadilishwa. Triga ya rivolva ndogo ni nzito, kilo 5 au zaidi, na kuna biashara nzuri ya kuuza springi laini. Kidole hupata nafuu, nyundo hupoteza nguvu, na fataki ngumu haiwaki. Kurudisha springi ya kiwandani ndiyo tiba. Wapo pia wasioachia triga irudi mwisho kabla ya kuvuta tena. Silinda huruka tundu au triga hukwama, kisha silaha isiyo na kosa hupelekwa kwa fundi.

Mlio usipotoka, mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama kwa nusu dakika, maana fataki inaweza kuchelewa kuwaka. Mlio ukitoka dhaifu kuliko kawaida, kazi isimame hapo: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi ya pili ikifuata chuma hupasuka. Vivyo hivyo silaha inayorusha vipande vya risasi pembeni, dalili kwamba tundu halikai sawa na mtutu. Hiyo ni ya fundi mwenye leseni peke yake.

Kufuli na hesabu za kampuni

Kuna sehemu moja inayobishaniwa zaidi ya zote, nayo ilizaliwa na biashara. Tomkins ya Uingereza ilinunua Smith & Wesson mwaka 1987 kwa dola milioni 112.5. Machi 2000 kampuni ilitia saini makubaliano ya usalama na serikali ya Rais Clinton, wateja wakaisusia, na mwaka 2001 ikauzwa kwa Saf-T-Hammer, watengenezaji wa kufuli za silaha, kwa dola milioni 15 pamoja na madeni. Haikushangaza kwamba baada ya hapo rivolva zilianza kutoka na kufuli ya ndani inayofungwa kwa ufunguo mdogo. Wapinzani wanadai inaweza kujifunga yenyewe kwa mteko mkali wa silaha nyepesi. Katika miaka ya karibuni kampuni imerudisha sokoni baadhi ya aina zisizo na kufuli.

Mnunuzi wa Marekani ana kinga ya ajabu kidogo. Sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 1972 iliziacha silaha nje, kwa hiyo tume inayoweza kulazimisha jokofu lirudishwe kiwandani haina mamlaka hayo juu ya bastola. Kiwanda hurudisha bidhaa kwa hiari yake au kwa shinikizo la mahakama. Kwa upande mwingine Smith & Wesson huahidi huduma ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza wa bastola iliyonunuliwa tangu 1 Februari 1989.

Kwa mfanyabiashara wa Nairobi au Arusha mwenye kibali cha silaha, ahadi hiyo ni karatasi tu. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inahesabu kipuri kuwa silaha, na ukarabati wa biashara ni wa muuzaji aliyesajiliwa. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015, na Itifaki ya Nairobi ya 21 Aprili 2004 inazitaka nchi za kanda kudhibiti uingizaji na upitishaji wa silaha ndogo pamoja na sehemu zake. Silinda haiagizwi kama kioo cha gari. Wala anayevuka Namanga kwenda kwa fundi wa upande wa pili hawezi kutegemea kibali cha nyumbani; bila idhini ya upande huo anageuka mtuhumiwa, bastola iwe nzima au mbovu. Mswaki mkavu na boksi la risasi za kiwandani huondoa sehemu kubwa ya sababu za safari hiyo.